Mikono Yenye Unga

Kosa la Mama Hamira lilianzia kwenye bomba la kunawia mikono. Mtu akikwambia lilianzia kwenye simu, mwambie nimesema mimi kwamba hajui kitu.

Mama Hamira alikuwa muoka mikate. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu hata akioga, akavaa nguo ya kutokea na kujimwagia manukato, bado alinukia hamira. Bekari yake ilikuwa chumba kimoja kirefu: mlangoni meza ya kuuzia, katikati meza nene ya mbao ya kukandia, na nyuma kabisa oveni ya gesi ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya maana komeo lilishakufa zamani. Aliimiliki nusu kwa nusu na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wifi huyo alikuwa na mdomo, jamani! Alikuwa na uwezo wa kukusema tangu mkate unaingia ovenini hadi unatoka, na ukitoka anakukatia kipande cha kwanza, chenye siagi, ule wewe.

Sasa, bega la kulia la wifi lilikuwa limekwisha. Miaka kumi na minne ya kukanda mabeseni matatu kila siku si mchezo. Mkono wake haukupanda kupita kifua. Kilemba alifungwa na Mama Hamira kila asubuhi, akiwa amekaa juu ya gunia la unga, na kitu kikiwa rafu ya juu ilibidi aombe ashushiwe. Daktari alimwambia aache kukanda. "Nikiacha, utakuja kukanda wewe?" alimuuliza daktari, na daktari wa watu akabaki anaandika tu dawa za kuchua.

Ndiyo maana walikuwa wanachanga wanunue mashine ya kukandia. Bei yake milioni moja na laki mbili. Mpaka wakati huo walikuwa na laki tisa benki, nusu ya huyu, nusu ya yule.

Ghorofa ya juu ya jengo lile palikuwa na ofisi ya mhasibu mmoja mwembamba, mpole, aliyeshuka kila asubuhi kuchukua mkate wake ungali moto. Huyo ndiye aliyemfundisha Mama Hamira biashara ya fedha za kigeni kwenye simu. Unakisia kama yuro itapanda au itashuka mbele ya dola, unanunua au unauza. Ukipatia unapata, ukikosea unaliwa. Alimfungulia akaunti ya demo, ile ya mazoezi, yenye laki tatu za hewa. Akamwamuru anunue daftari, na kila biashara aiandike kabla ya kubonyeza: kwa nini anaingia, mstari wa faida uko wapi, mstari wa hasara uko wapi. Bei ikigusa mojawapo ya mistari hiyo, biashara inajifunga yenyewe bila kumuuliza mtu.

"Na usiguse pesa ya kweli mpaka hii ya hewa ikuchoshe," mhasibu alisema.

Ilimchukua miezi tisa kuchoka. Utaratibu wake ulikuwa uleule kila siku. Saa nne asubuhi, mikate ya kwanza ikishauzwa, alivuta daftari, akaandika kwa penseli, akabonyeza, akatupa simu rafu ya juu, kisha akazamisha mikono kwenye beseni la pili. Kukanda, kukata, kupima kwenye mizani, kupanga kwenye makopo. Hadi anamaliza na kunawa, biashara ilishajifunga zamani. Akiliwa alisema, "Haya, imeliwa," akaandika. Akipata alisema, "Haya, imepatikana," akaandika. Mwisho wa miezi tisa zile laki tatu za hewa zilikuwa laki tatu na elfu hamsini na tano, na Mama Hamira akaanza kutembea kwa maringo.

"Wifi," alisema asubuhi moja, "nataka kuingia laivu."

"Kuingia wapi?"

"Kwenye pesa ya kweli. Laki tatu, kutoka fungu langu."

Wifi aliacha kukanda. Alijipangusa paji la uso kwa mkono wa kushoto, ule mzima. "Fungu lako la mashine."

"Ndiyo. Lakini umeona mwenyewe miezi tisa hii. Zikizaa kidogo tu, mashine tunainunua mapema. Nachoka kukuona unauma meno kila ukiinua beseni."

Hapo wifi alirudi kukanda kidogo, akaacha tena. Alimpenda sana huyu mke wa mdogo wake, ingawa ungemuuliza angekwambia anamvumilia tu. Mwishowe akasema, "Sawa. Ila tuwekeane mpaka. Ikishuka hadi laki mbili, unafunga, unarudisha kilichobaki, na mambo ya yuro nisiyasikie tena humu ndani. Bega langu si la demo, mwenzangu."

"Nakuapia."

Mume, ambaye alikuwa fundi umeme na mtu wa amani, alipoelezwa alinyanyua mikono yote miwili. "Mimi simo. Nyie wawili mkigombana, mimi nitakwenda kulala wapi?"

Basi siku ya kwanza ya laivu ikafika, na hapo ndipo Mama Hamira alipokwenda bombani. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, mpaka kwenye kucha. Alivaa aproni safi. Alipangusa simu, akavuta stuli karibu na dirisha, akafungua ukurasa mpya wa daftari, na penseli akaibadilisha kwa kalamu ya wino. Moyoni aliona pesa ya kweli inastahili heshima. Si kitu cha kushikwa na vidole vyenye unga. Na beseni la pili?

"Wifi, nisaidie leo tu," alisema. "Hii inataka macho."

Wifi akalikanda beseni la pili peke yake.

Ile ya kwanza aliipata. Yuro ilipanda kidogo, simu ikaandika faida ya elfu mbili, na Mama Hamira akaiinamia. Mstari wa faida ulikuwa mbali bado, elfu nane. Lakini elfu mbili za kweli! Akaziona zinapungua, elfu moja mia tisa, elfu moja mia sita, akafunga haraka kabla hazijaota mbawa. Baada ya nusu saa bei ikaenda ikafika kwenye ule mstari wa elfu nane, ikakaa pale, tena bila haraka. Alitamani kulia.

Ya pili ilikwenda kinyume. Bei ilipousogelea mstari wa hasara, akausogeza mstari chini. Bei ikaufuata. Akausogeza tena. Kwenye demo hakuwahi kugusa mstari hata mara moja, lakini sasa alikuwa ameketi, mikono mitupu, simu mbele ya pua, na kidole kinamwasha. Alipokuja kukubali, hasara ya elfu sita ilishakuwa elfu kumi na tisa.

Ikawa ndiyo staili. Faida anazikimbia zikiwa bado changa, hasara anazilea mpaka zinazeeka. Leo tu ikawa kesho tu, ikawa wiki tano. Kila saa nne Mama Hamira yuko dirishani, msafi kama bibi harusi, na wifi yuko mezani anakanda, anauma meno. Wateja waliongeleshwa nusunusu. Mhasibu alijaribu kumuuliza maendeleo akajibiwa "tunamshukuru Mungu", jibu la mtu ambaye mambo yamemfika shingoni.

Nitakwambia ukweli, wifi hakusema kitu wiki zote hizo. Na mtu mwenye mdomo akinyamaza, ogopa.

Ijumaa ya wiki ya tano, beseni la pili lilipimwa na Mama Hamira, maana wifi alishindwa kabisa kuinua chombo cha mizani. Unga, maji, sukari, hamira. Chumvi alikuwa ameishika mkononi, kwenye kikombe, simu ilipolia kidogo kuarifu bei. Akakiweka kikombe dirishani, akatazama, akakaa. Wifi akakanda kilichokuwemo. Mikate sitini ikaingia ovenini, ikatoka mizuri ya kupigwa picha, ikanunuliwa yote.

Saa saba ilianza kurudi. Wa kwanza alikuwa mama wa duka la dawa, na mkate wake umeumwa mara moja tu. "Mama Hamira, leo mmetuokea sifongo?" Nyuma yake akaja mpishi wa shule ya jirani na mikate ishirini na mitano kwenye boksi. Mhasibu naye alishuka. Alikuwa amekula nusu kwa adabu, akasema ana hakika ni yeye tu mdomo wake umeharibika. Wifi alikata kipande, akatafuna, akatazama dirishani. Kikombe cha chumvi kilikuwa pale pale, kimejaa.

Walirudisha pesa za watu, kila mmoja, na mpishi wa shule wakamwahidi mikate ya bure Jumatatu. Mlango ulipofungwa, Mama Hamira alikaa kwenye gunia, akashika tama. Alifungua simu kwa mazoea tu. Laki mbili na elfu kumi na nne.

"Bado elfu kumi na nne, wifi, niguse mpaka wetu," alisema. "Nimekutesa bure. Wewe una bega bovu na mimi nimekaa dirishani. Naifunga leo leo, nikurudishie zilizobaki."

Nilidhani, na wewe bila shaka unadhani, kwamba sasa mdomo wa wifi ungefunguka na kumpa vidonge vyake. Wifi akasema, "Lete hilo daftari."

"La nini?"

"Lete, nimesema."

Wifi hakujua yuro wala dola. Alilifungua daftari mwanzoni, akafunua kurasa taratibu, pua karibu na karatasi. Kurasa za miezi tisa zilikuwa chafu ajabu. Dole gumba la unga hapa, tone la maji ya hamira pale, ukurasa mzima umegandishwa na donge lililokauka mpaka ilibidi aukwangue kwa kucha. Maandishi ya penseli, ya mtu mwenye haraka zake. Kisha akafika kwenye laivu. Kurasa nyeupe. Wino wa bluu. Mwandiko wa barua ya kuomba kazi.

"Mama Hamira."

"Abee."

"Huku mbele kulikochafuka, ulikuwa unapata au unaliwa?"

"Vyote viwili. Ila kwa jumla napata."

"Na huku kusafi?"

Mama Hamira alikuwa anatazama dole gumba lake mwenyewe kwenye karatasi, la mwezi wa pili au wa tatu, lenye mistari yake yote.

"Mimi sijasoma mambo yenu," wifi alisema, "lakini nimekanda miaka kumi na minne. Mtu akiwa na mikono ndani ya unga hawezi kushika kitu kingine. Pua inakuwasha, unaiacha iwashe. Mlango unagongwa, unapiga kelele tu ukiwa ndani. Ulipokuwa huku kuchafu, hiyo simu ilikuita mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini, na mikono imejaa unga?"

"Ehee!" Wifi alilifunga daftari, pa! "Ndiyo hiyo akili yako ya miezi tisa. Haikuwa kichwani, ilikuwa kwenye beseni. Halafu siku ya maana ukaenda kuinawa yote bombani, na sabuni juu!"

Kicheko kikampanda Mama Hamira bila ruhusa, huku machozi bado yako shavuni, na wifi naye akaangua, akicheka huku ameshika bega kwa sababu kucheka nako kulimuuma. Walicheka mpaka mama wa duka la dawa akachungulia dirishani, akadhani wamerukwa na akili kwa ajili ya mikate.

"Kwa hiyo nisifunge?" Mama Hamira aliuliza, akijifuta.

"Mpaka wetu laki mbili, hujaufikia. Ahadi ni ahadi, na mimi siibadilishi juu wala chini. Lakini kuanzia Jumatatu beseni la pili na la tatu ni lako. Unaandika, unabonyeza, unatia mikono. Simu inakaa rafu ya juu kule nisikoweza kufika, maana nami nisije nikaingiwa na shetani nikaigusa."

Jumatatu chumvi iliwekwa kwanza kuliko vyote, na wifi akaionja kwa ncha ya ulimi kuhakikisha. Saa nne Mama Hamira akaandika kwa penseli. Akabonyeza. Pesa ilikuwa ile ile ya kweli, na kabla ya kuugusa mpaka zilibaki elfu kumi na nne tu. Akaitupa simu juu, akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko. Simu ililia. Akakanda. Ikalia tena. "Kelele huko!" wifi aliifokea kutoka kwenye stuli, ambako alikuwa amekaa anapaka makopo mafuta, kazi ya mkono mmoja.

Alipomaliza, akanawa, akaishusha. Ameliwa. Elfu nne. Zimebaki laki mbili na elfu kumi.

Alingoja moyo umpasuke. Haukupasuka. Mstari ulikuwa pale alipouweka, bei imekuja ikaugusa, biashara imejifunga. Elfu nne aliyoikubali kwa penseli tangu asubuhi, si senti zaidi. Na mezani kulikuwa na madonge arobaini yameumuka vizuri, yamejaa makopo mpaka ukingoni. "Haya, imeliwa," alisema. Alijisikia mwepesi kuliko siku ile ya zile elfu moja na ushee alizozikimbilia. Akaandika, na dole gumba likabaki kwenye ukurasa.

Jumanne akapata elfu nane na mia tano.

Nisikudanganye hapa, maana wapo wanaopenda hadithi za mtu kulala maskini akaamka na gari. Ilichukua miezi kumi kuzirudisha laki tatu. Kuna miezi alipanda ngazi mbili akashuka moja na nusu. Mpaka wa laki mbili haukuguswa, ingawa mara moja ulinuswa. Na wakati huo wote kilicholeta pesa hasa ulikuwa mkate: mpishi wa shule, baada ya ile mikate ya bure, aliongeza oda, na wifi kwa kuwa sasa alikaa mezani mlangoni badala ya kukanda, akagundua kipaji cha kuwauzia mikate miwili watu waliokuja kununua mmoja.

Siku ya kununua mashine walipiga hesabu. Walipungukiwa laki mbili na nusu. Mama Hamira akazitoa kwenye akaunti, elfu hamsini za mtaji akaziacha mle mle. Faida yote ya laivu tangu siku ya kwanza, juu ya zile laki tatu, ilikuwa elfu kumi na mbili, na nayo akaitoa. Ndiyo iliyolipa nauli ya pikapu iliyobeba mashine.

"Mwaka mzima wa yuro na dola," wifi alimwambia dereva wa pikapu, "na shughuli yote ilikuwa ni kukulipa wewe. Ringa!"

Mume alifunga umeme mwenyewe, akaweka swichi kubwa nyekundu, akaomba radhi kwa yale ya "mimi simo". Mashine ilikuwa na bakuli la chuma lenye upana wa kumwogeshea mtoto. Ukiwasha, kulabu inazunguka, unga unakandika, wewe umesimama tu.

Na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika tena. Wiki ya nne tangu mashine ifike, saa nne asubuhi, Mama Hamira alikuwa ameshaandika na kubonyeza. Mashine inanguruma. Mikono yake mikavu, misafi, haina kazi. Simu iko mezani, kwa sababu siku hizi nani alikuwa na haja ya kuitupa rafuni? Ikalia. Akaisogelea hatua moja. Akajikohoza. Akaisogelea ya pili.

Wifi aliinuka kutoka mlangoni. Alizima mashine, akachota donge moja kubwa kwa mikono miwili, akalibwaga mezani mbele ya Mama Hamira, pu! mpaka unga ukaruka. Kisha akaichukua ile simu kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mkono juu, kupita kifua, kupita bega, kupita kilemba, akaiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya hamira.

Mkono ukabaki huko juu. Wifi mwenyewe aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Wifi," Mama Hamira alisema polepole. "Umefika."

"Nimefika," wifi alisema. Akaushusha, akaupandisha tena, mara hii bila simu, kwa raha tu. "Loo! Tangu lini?"

Mama Hamira alitaka kumkumbatia, lakini mikono ilikuwa tayari imezama kwenye donge hadi kwenye vifundo, na wifi alikuwa amevaa gauni jipya. Basi akasimama pale akilia na kukanda, kukanda na kulia, na wifi akamfuta machozi kwa pindo la kilemba, alichokuwa amekifunga mwenyewe asubuhi ile bila wote wawili kugundua.

Simu ililia huko juu, ikalia tena, ikanyamaza. Mikate ilipotoka, wifi alikata kipande cha kwanza, akakipaka siagi, akampa. Ilikuwa saa nane walipokumbuka kwamba kulikuwa na biashara imefunguliwa.